Kwa nini mashabiki wa rap ya Wachicano hawamwachi SPM, miaka 20 na zaidi yuko jela?

Binti_Ilala
Salaam wakuu. Nina jambo linanisumbua, tulijadili.

Nasikiliza rap ya Wachicano tangu niko chuo. Kwa wasiowajua, hao ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na rap yao nyingi haijawahi kugusa redio kubwa. Inaishi mtaani, kwenye magari, kwenye CD za kuuziana mkononi. Kila Jumapili usiku naandaa nyimbo nane, naandika kwa Kiswahili nani kaimba, katokea mtaa gani na anasema nini, halafu natuma kwenye kundi letu. Tulianza watu sita, leo tumepita 140.

Shida ni hii. Ukiichimba rap ya Wachicano wa Texas huwezi kumkwepa South Park Mexican, SPM, yaani Carlos Coy wa Houston. Lebo yake ya Dope House ilianza 1995, wakauza kazi zao wenyewe bila kumbembeleza mtu, hadi mwaka 2000 Universal wakawafuata na mkataba. Mwaka 2002 jopo la mahakama hukohuko Houston likamkuta na hatia ya kumdhalilisha kingono mtoto wa miaka tisa. Akapigwa miaka 45. Yeye anakana mpaka leo.

Mashabiki wake hawajaondoka. Wanavaa fulana za kutaka aachiwe, wanamwandikia barua, wananunua albamu zilizotoka akiwa ndani. Mwezi uliopita nilimruka kwenye orodha ya Texas, wakaniandikia watu watatu wa hukohuko kwamba huwezi kuitangaza rap yao ukamruka aliyeijenga. Wiki iliyofuata nikamweka. Dada mmoja wa kundi letu akajitoa bila kuaga.

Ni nini kinawashikilia hawa watu? Na nyie mngefanyaje?

Kipande_cha_Papa
Nakaa mstari wa mbele. Uzi wa maana huu.

Mzee_wa_Kaseti
Mimi Wachicano nawajua tangu 1991 walipotoka Cypress Hill, kaseti yao niliirekodi kwa jirani mpaka mkanda ukakatika nikauunga kwa rangi ya kucha. Jibu liko wazi mbona. Watu waliotengwa hushikana. Kwa kabila dogo ndani ya nchi kubwa, mmoja akikamatwa mnaona mmekamatwa wote. Hawaangalii kosa, wanaangalia nani kamkamata.

Tega_Sikio
@Mzee_wa_Kaseti shikamoo mzee, ila Cypress Hill kuwaita Wachicano hapana. B-Real baba yake Mmeksiko na mama yake Mkuba. Sen Dog kazaliwa Kuba. Muggs ni Mmarekani mwenye asili ya Italia. Ni kundi la Los Angeles lenye Walatino, na si kila Mlatino ni Mchicano. Big Pun wa New York asili yake Puerto Rico, naye watu humtia kwenye kapu hilohilo.

Mlango wa rap ya Wachicano ni Kid Frost, 1990, na wimbo wake La Raza. Mdundo wa chini kautoa kwenye Viva Tirado ya bendi ya El Chicano, 1970. Nayo El Chicano waliutoa kwa Gerald Wilson, mwanajazi Mweusi, aliyeutunga kwa ajili ya mpigana na ng'ombe wa Meksiko. Mweusi kamtungia Mmeksiko, Wachicano wa Los Angeles wakaupiga upya, miaka 20 baadaye kijana wao akachana juu yake. Ukisikiliza nyimbo zote tatu kwa mfuatano unasikia mitaa miwili inaazimana sukari.

Mzee_wa_Kaseti
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye Cypress Hill nimekubali. Kwenye kutengwa nabaki nilipo.

MamaNuru
Nimesoma mpaka hapa. Rapa mmetaja jina lake la jukwaani na la kuzaliwa, lebo yake na miaka yake. Yule mtoto amepata neno moja tu, "mtoto". Leo ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Kama bado anaishi mji ule, anasimama kwenye taa za barabarani, gari la pembeni linapiga sauti ya mtu yule kwa nguvu, na nyuma ya kioo pameandikwa aachiwe. Mimi nimelea wasichana watatu. Yule dada aliyejitoa namwelewa kabisa.

Eastlando_254
Niaje wasee. Mimi naona mnatafuta mbali. Fuateni pesa. Jamaa ameingia 2002, lebo ikatoa When Devils Strike 2006, The Last Chair Violinist 2008, The Son of Norma 2014. Mtu aliye jela hawezi kufanya shoo, kwa hivyo kinachouza ni hadithi ya kwamba ameonewa. Hiyo hadithi ikifa, fulana nazo zinakaa stoo. Siwalaumu mashabiki, lakini kuna mtu analipiwa kodi ya nyumba na hiyo hasira yao.

Tega_Sikio
@Eastlando_254 hesabu yako ina nguvu ila haielezi kila kitu. Rap ya jela ina historia yake. Mac Dre wa Vallejo alirekodi mistari yake kwa simu ya jela ya Fresno, 1992. X-Raided wa Sacramento naye akafanya hivyohivyo miaka mitatu baadaye. Ile sauti ya simu, inayokwaruza kama mtu anaongea ndani ya debe, watu waliipenda kuliko sauti ya studio. Hapakuwa na lebo kubwa nyuma yao.

Kipande_cha_Papa
Hao nao Wachicano?

Tega_Sikio
Hapana, ni Weusi wa California. Nimewataja kwa sababu ya simu.

BebaBoksi_HTX
Wakuu, mimi niko Houston mwaka wa kumi na moja. Niseme nilichokiona kwa macho.

Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la mbogamboga. Tunapakua nyanya, pilipili na parachichi kutoka kwenye malori yanayotoka mpakani. Mwenzangu wa mzigo ni Mchicano wa hapahapa, miaka arobaini na kidogo, tunaitana Compa. Pikapu yake kioo cha nyuma kina maandishi meupe, herufi za kale zenye mikia, za kutaka SPM aachiwe. Herufi moja imebanduka nusu na hajawahi kuirudishia.

Siku moja Jumapili alinipeleka pulga. Ni gulio la wikendi kama Memorial kule Moshi, tofauti ni kwamba huku unasikia harufu ya mahindi ya kuchoma yaliyopakwa mayonezi na pilipili. Kona moja kuna mzee ana meza mbili. Meza ya kwanza fulana, kofia, stika. Ya pili CD, majalada yametolewa fotokopi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nyingi zimepunguzwa kasi, sauti nzito inaburuta kama mtu anaongea usingizini. Hiyo ni kazi aliyoianzisha DJ Screw, Mweusi wa mji huuhuu aliyefariki Novemba 2000. Wachicano wa hapa walikua nayo wakiwa watoto, ni yao pia. Nilinunua tatu. Hakuna hata moja niliyoikuta kwenye intaneti.

Sasa sikilizeni hili. Mapumziko ya saa nane usiku, Compa hatoki kuvuta sigara. Anakaa juu ya kreti la plastiki anaandika barua. Kalamu nyeusi, karatasi nyeupe isiyo na urembo, jina kamili la mfungwa na namba yake juu kabisa. Nikamuuliza mbona hata ua hachori. Akaniambia barua za kawaida siku hizi haziingii magereza ya Texas. Zinakwenda Dallas, zinapigwa picha, mfungwa anazisoma kwenye tableti. Zamani mtu aliweza kunusa karatasi iliyotoka nyumbani. Sasa anasoma kwenye kioo.

Nikamuuliza moja kwa moja: unaamini hakufanya? Alikaa kimya mpaka nikajuta. Akasema kaka yake mkubwa alikaa miaka tisa kwenye magereza hayohayo na hakuna mtu nje ya familia aliyewahi kumwandikia. Anaandika barua mbili kila mwezi. Moja kwa SPM, moja kwa mtu yeyote wa mtaani kwao aliye ndani. Swali langu hakulijibu.

Mlima_Usambara
@BebaBoksi_HTX umeniweka kwenye hilo ghala mkuu. Asante.

MamaNuru
@BebaBoksi_HTX nimekusoma mara mbili. Huyo Compa ana moyo. Lakini angekuwa mwanangu ningemwambia barua mbili zote ziende kwa hao wa mtaani.

Wakili_Mpole
Niweke upande wa sheria kidogo maana naona watu wanachanganya.

Kwa makosa ya aina hii, sheria ya Texas inataka mfungwa amalize nusu ya kifungo ndipo bodi ya parole, yaani ya kuachia watu kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, iweze kumfikiria. Nusu ya 45 ni miaka 22 na miezi sita. Hesabu kuanzia 2002, imeshatimia, na bado yuko ndani. Kutimiza nusu kunakupa haki ya kuangaliwa tu, kutoka ni uamuzi wa bodi. Rufaa zake zilikataliwa. Kwa hiyo kisheria ni mtu aliyetiwa hatiani, na hilo halibadiliki kwa sababu tunampenda au tunamchukia.

Jambo la pili: wafungwa wa Texas karibu wote hawalipwi hata senti kwa kazi wanayofanya humo ndani, na majengo mengi hayana viyoyozi katika joto lile. Sabuni ya ziada, stempu na chakula cha dukani vinanunuliwa kwa hela inayotoka nje. Shabiki anayetuma dola ishirini sio lazima awe anatoa hukumu juu ya kesi. Anaweza kuwa ananunua sabuni tu.

Mzee_wa_Kaseti
Mnakwepa mfano ulio mlangoni kwetu. Mwanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha! Walifungwa maisha 2004 kwa kunajisi watoto wa shule, na nchi nzima ikagawanyika. Kwenye mabasi nyimbo zao hazikuzimwa hata siku moja. Nilikuwa Manzese siku walipotoka, watu walipiga vigelegele kama timu imechukua kombe. Na mahakama ilikuja kuona hawana hatia.

Wakili_Mpole
@Mzee_wa_Kaseti hapo naomba nikusahihishe kwa heshima. Walitoka kwa msamaha wa Rais Magufuli, tarehe 9 Desemba 2017. Msamaha haufuti hatia. Walioachiwa na Mahakama ya Rufani, mwaka 2010, ni watoto wengine wawili wa Nguza. Halafu Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikasema haki ya Babu Seya na Papii Kocha ya kusikilizwa ilivunjwa katika baadhi ya mambo. Hilo nalo ni tofauti na kusema hawakutenda.

Mzee_wa_Kaseti
Sawa wakili. Lakini unaona nilichosema? Wewe unazungumza mahakama, watu wa kwenye basi walikuwa wanazungumza imani. Hata leo ukimuuliza mtu wa Kinondoni kuhusu kesi ile, atakupa kwanza jina la mtu anayemshuku kuwa ndiye aliyewafungisha. Na kule Houston nina hakika ni hivyohivyo.

BebaBoksi_HTX
@Mzee_wa_Kaseti ni hivyohivyo. Compa ana maelezo yake, mwuza CD ana yake, kinyozi wangu ana ya tatu. Hakuna anayeanzia kwenye ushahidi uliosomwa mahakamani. Wote wanaanzia kwenye lebo iliyokuwa inapanda na mkataba mkubwa uliokuwa umetiwa saini.

MamaNuru
Na katika hizo hadithi zote tatu mtoto anakuwa mwongo. Hakuna hadithi ya njama ambayo mtoto hawi mwongo. Hilo ndilo linaloniumiza, huku kwetu na huko kwao.

Eastlando_254
@MamaNuru hapo umenifunga mdomo mathe. Heshima.

Bukavu_Mbali
Jambo kwenu wote. Miye naishi San Bernardino, California, toka Kongo tulikuja na familia kupitia kambi. Naona mnasema juu ya rap tu, lakini mapenzi ya Wachicano kwa mtu wa jela ni ya zamani kupita rap.

Jirani yetu hapa, mama wa Kichicano wa miaka sabini, kila Jumapili usiku alifungua redio kusikiliza Art Laboe. Huyo mzee asili yake Muarmenia, hakuwa Mchicano, lakini alipiga nyimbo za mapenzi za miaka ya 50 na 60 na kuwasomea watu salamu. Simu nyingi zilitoka kwa wake na watoto wa wafungwa. Mtoto anasema namtumia baba yangu wimbo huu, yuko gereza fulani, namwambia nampenda. Redio ilifika mpaka ndani ya magereza. Alifanya kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 2022, akiwa na miaka 97.

Kuna kitu kingine kwenye ukuta wa huyo mama. Leso nyeupe ya mfukoni, ndani ya fremu. Mume wake aliichora kwa kalamu ya wino ya bluu alipokuwa jela miaka ya 70. Waridi, uso wa mwanamke, saa isiyo na mishale. Ukikaribia unaona kila unywele amechora peke yake, mstari kwa mstari. Wanaita paño. Ananiambia mume hakuwa mtu mwema kwake, na leso haitoki ukutani.

Binti_Ilala
@Bukavu_Mbali nimesoma hii nikasimama kwanza. Saa isiyo na mishale. Nimeiona kwenye majalada ya albamu kibao na tatuu kibao, sikujua ipo hata kwenye leso.

Mzee_wa_Kaseti
Hizo salamu za redio zinanikumbusha RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, na kipindi cha Ugua Pole. Mama yangu alilazwa wiki tano, kila siku alisubiri jina lake kuliko alivyosubiri daktari. Siku lilipotajwa, wagonjwa wa wodi nzima walipiga makofi. Kadi zile za salamu ninazo mpaka leo kwenye sanduku.

Kipande_cha_Papa
Mzee tupigie picha hizo kadi, fungua uzi wake.

Mlima_Usambara
Nauliza nje ya mada kidogo. Yale magari yao yanayoruka mbele na nyuma, yana nini chini?

BebaBoksi_HTX
@Mlima_Usambara haidroliki. Pampu na betri kadhaa kwenye buti, dereva anabonyeza swichi, mafuta yanasukuma silinda, tairi linanyanyuka. Ila wenye magari yenyewe, fahari yao ni kwenda taratibu. Barabara tupu, mwendo wa harusi, muziki chini chini. Kuruka ni kwa mashindano.

Tega_Sikio
Na hiyo taratibu ndiyo imewafikisha mbali. Japani kuna watu wanaovaa kama Wachicano, wana magari hayohayo, wanarap kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo Binti usijione uko peke yako na watu wako 140. Rap hii haikusambazwa na kampuni, imesambazwa na watu kama wewe. Ndiyo maana mimi nasema usimweke SPM. Yeye huko tayari ana lebo, ana mashabiki, ana meza kule pulga. Wewe una nafasi nane tu kwa wiki. Kuna vijana wa El Paso, Fresno na San Antonio wamerekodi chumbani na wana wasikilizaji hamsini. Ukimpa SPM nafasi moja, mmoja wao umemnyima.

BebaBoksi_HTX
@Tega_Sikio hapo sikubaliani nawe. Hao vijana wa San Antonio ukiwauliza walianzaje, wengi watakutajia yeye. Ukisimulia rap ya Texas bila yeye unasimulia nyumba bila msingi. Mwandike, na hukumu yake uiandike palepale kwa maneno yaliyo wazi: mtoto wa miaka tisa, miaka 45. Asiyetaka kusikiliza asisikilize, lakini usifiche. Kuficha ndiko kunakozaa hizi hadithi.

MamaNuru
Kumwandika kwenye historia sawa. Kumpiga Jumapili usiku watu wakiwa wametulia majumbani, hapana. Ni vitu viwili hivyo.

Halafu, hii rap yenu haina wanawake?

Tega_Sikio
@MamaNuru wapo. JV wa California alitoa albamu 1994, wakati ambao mwanamke wa Kichicano kushika maiki ilikuwa kazi. Baadaye Ms. Krazie, anachanganya Kiingereza na Kihispania ndani ya mstari mmoja, anaimba mapenzi na machungu ya mtu aliyebaki nyumbani. Mke wa mfungwa akimsikiliza anajisikia ametajwa.

Wakili_Mpole
Niongeze moja kwa Binti kabla sijalala. California imepitisha sheria mwaka 2022 inayobana mashairi ya rap kutumika ovyo kama ushahidi mahakamani. Hilo nalitetea kwa nguvu zote, maana vijana wengi wameumizwa na mistari yao. Ila lisichanganywe na kesi ya SPM, yeye hakufungwa kwa mashairi. Nimeona watu wanazifunga pamoja kwenye kampeni za mtandaoni, na hao wenye kesi za mashairi ndio wanaopoteza.

Eastlando_254
Hiyo point ibandikwe juu kabisa.

Binti_Ilala
Nawashukuru. Nimesoma kila mtu.

Jumapili hii naweka Kid Frost, halafu zile mbili zilizomtangulia kama alivyopanga @Tega_Sikio. JV na Ms. Krazie wanaingia. Wimbo mmoja wa zamani wa salamu kwa ajili ya yule mama wa San Bernardino. Zinabaki nafasi mbili, na @BebaBoksi_HTX naomba unirushie hizo CD zako tatu za pulga, niandikie majina yaliyo kwenye jalada herufi kwa herufi. SPM bado sijaamua. Nimeandika maelezo yake mara nne nikafuta.

BebaBoksi_HTX
Nazirekodi kesho nikitoka zamu. Moja jalada limeloa nyanya, jina linasomeka nusu. Nitamuuliza Compa.

MamaNuru
@Binti_Ilala yule dada aliyejitoa, umempigia?

Binti_Ilala
Nilimpigia jana usiku, hakupokea. Najaribu tena kesho saa za chakula cha mchana.